Mwezi Mzima wa Kulala

Hakuna neno lililowahi kuniudhi kama neno uvivu, na siku nilipoambiwa uso kwa uso nilikuwa nimelala chali kitandani, mtoto wangu wa kwanza akiwa na siku tatu tu duniani. Aliyeniambia alikuwa mwanamke wa Kizungu. Alisimama mlangoni kwangu bila kubisha hodi, viatu vimejaa tope, kitambaa puani kwa sababu ya moshi wetu. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la maua ya pareto, huku milimani Masisi, si mbali na barabara ya Mweso. Leo nimezeeka, na madaktari wananiambia nitembee, nilale vya kutosha, nicheke na watu, nile chakula cha shambani. Wanasema kama vile wamegundua kitu kipya. Mimi nawatazama tu. Vyote hivyo tulikuwa navyo, tukanyang'anywa kwa filimbi.

Mimi ni mtoto wa msituni, wa Ntoto upande wa Walikale. Kwetu mwanamke akijifungua halimi, hapiki wala habebi. Analala mwezi mzima. Mama yake mzazi anakuja, hata akiwa mbali, na anakuja na mzigo. Anamkanda tumbo kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, kisha anamfunga kitambaa kiunoni mpaka mzazi anapumua kwa shida. Anamlisha ndizi zilizopondwa na mawese, mchuzi wa nyama iliyokaushwa, na tena ndizi. Jioni wanawake wanaingia na kukaa kando ya moto, wanataniana kuhusu waume zao, na mzazi anacheka huku ameshika tumbo. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kicheko ndicho kinachorudisha tumbo mahali pake. Mwezi ukikamilika, mzazi anapakwa mafuta na unga mwekundu wa mti, anatolewa nje, watu wanamtazama alivyonenepa na kung'aa. Siku inayofuata anapewa jembe lake, na hakuna anayemwonea huruma tena.

Mama yangu alibatizwa kabla sijazaliwa, na padri wetu hakuona dhambi yoyote katika jambo hilo. Ilibidi tufike Masisi ili tuambiwe kwamba ni ugonjwa wa tabia.

Mume wangu, mtu wa kwetu kule kule Ntoto, alikuwa amepata kazi ya kutunza tanuri la kukaushia maua. Nilimfuata. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na majani, ya tano katika mstari wa wanandoa. Na kazi yangu? Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa tayari shambani na kitunga mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye kipaji cha uso, nachuma maua kwenye miteremko inayomfanya mbuzi afikiri mara mbili. Nikitoka huko, maji bondeni. Nikitoka majini, kuni. Nikitoka kuni, sombe, majani ya muhogo, ya kutwanga. Uchungu wa kuzaa ulinishika nikiwa shambani, kitunga kimejaa nusu. Huyo ndiye mvivu wenu.

Sasa niseme kuhusu fwaye. Hiyo ilikuwa nyumba ya mafunzo ya wanawake, yenye bati na sakafu ya saruji, iliyojengwa karibu na ofisi ya shamba. Madamu aliyeisimamia aliletwa kutufundisha kushona, kufuma soksi na kuosha watoto. Sikatai, kushona nilijifunza kwake, na mshono wangu ulikuwa mzuri. Lakini ukutani alikuwa amebandika picha ya mwanamke wa Bulaya aliyevaa kaptula, ameinama, vidole vinagusa vidole vya miguu, na chini ya picha ile yalianza mateso. Kila Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, tulipangwa kwenye nyasi mbele ya fwaye kufanya jimnastiki. Mikono juu, mikono chini. Chuchumaa, simama. Ruka. Alikuwa na filimbi shingoni na alipuliza kila tulipochelewa. Alisema miili yetu imelala, inahitaji kuamshwa.

Fikiria mwanamke aliyepanda kilima mara nne tangu alfajiri na mzigo kwenye kipaji, halafu anaambiwa aruke ili misuli yake ipate kazi. Tuliruka. Mwanzoni tulicheka, tukadhani ni mchezo wa siku moja.

Na yeye mwenyewe alipumzikaje? Kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane, mlinzi alisimama kwenye njia ya kambi kuhakikisha hakuna anayetwanga. Wazungu wamelala. Kinu kikilia, anakuja na fimbo. Watoto wetu walikula kwa kuchelewa ili watu waliokwisha kukaa kwenye viti tangu asubuhi wapate usingizi wa mchana nyuma ya mapazia. Usingizi wao uliitwa afya. Jumapili jioni tulikuwa tukicheza ngoma, wanawake kwa wanawake, mpaka jasho linatiririka na mgongo uliokakamaa wiki nzima unalegea. Ngoma ikapigwa marufuku. Walisema viuno vyetu vinaleta aibu. Lakini Ijumaa viuno hivyo hivyo vilitakiwa kuinamishwa mbele ya ofisi, wageni wa meneja wakipita na kututazama, na hiyo haikuwa aibu.

Madamu hakutujua kwa majina. Kila mwanamke wa fwaye alivaa shingoni kipande cha bati chenye namba. Mimi nilikuwa namba kumi na saba.

Mama aliwasili siku moja baada ya mimi kujifungua. Alikuwa ametembea siku nne kutoka Ntoto, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye, maana alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwepesi. Alinizaa akiwa msichana, kwa hiyo hakuwa mzee, ingawa mimi nilimwona mzee kama watoto wote wanavyowaona mama zao. Kapita, yaani msimamizi wa kambi, alimwandikia karatasi ya mgeni ya siku saba. Siku ya nane awe ameondoka.

"Siku saba?" Mama alimwuliza. "Mutoto wangu ameshazaa, iko na kazi ya mwezi muzima hapa."

"Njo sheria, Mama," kapita alisema. "Mimi sikuiandika."

Mama hakubishana. Aliingia ndani, akawasha moto mkubwa, akaweka chungu, akanivua nguo akaanza kunikanda. Nililia kwa maumivu na kwa furaha. Usiniulize furaha ya nini. Tangu nifike Masisi, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mwili kwa nia ya kuupumzisha.

Siku ya tatu ndipo Madamu alipokuja mlangoni. Mama alikuwa ameinama juu ya chungu, kichwa kimefungwa kitambaa cha zamani, uso umejaa majivu. Madamu hakumsalimia.

"Wewe iko mugonjwa?" aliniuliza.

"Hapana, Madamu. Nilizaa juzi."

"Kama hauko mugonjwa, kwa nini unalala? Ile njo uvivu. Kule Bulaya banamuke banasimama siku ya tatu, banatembea. Damu inatembea, maziwa inakuja. Nitakupatia siku nane. Siku ya nane nakutaka mu mustari na mutoto wako. Iko Bwana mukubwa wa Teritwari atakuja kutazama kazi yetu." Akatazama paa jeusi, akakohoa, akaondoka.

Sitaki kumsingizia. Sasa naamini alidhani ananisaidia. Labda kweli huko kwao wanawake husimama siku ya tatu, lakini wanaposimama hawasimami kwenye mteremko na kitunga cha maua. Kwake mwezi wetu wa kulala ulikuwa uchafu na moshi, na mimi nilikuwa mashine iliyopata kutu. Ningemsamehe ujinga. Nilichoshindwa kumsamehe ni kwamba hakuuliza swali hata moja. Angemwuliza Mama kwa nini anafanya vile, Mama angemweleza mpaka kesho, kwa sababu alipenda kuelezwa na alipenda kueleza.

Jioni mume wangu aliposikia alikuna kichwa. Kambi ilikuwa inajenga mstari mpya wa nyumba za matofali, na jina lake lilikuwa kati ya wale waliofikiriwa. Mke akikataa fwaye, mume hapati nyumba. Hakuna aliyeliandika, lakini kila mtu alilijua.

"Uende tu, usimame kidogo," aliniambia. "Kama haruki sana, si utapona?"

Namkumbuka akisema "haruki" kana kwamba mwili ule ulikuwa wa mtu mwingine. Niligeukia ukutani. Mama ndiye aliyemjibu, kwa upole uliotisha.

"Mukwe wangu, hapana ogopa. Namba kumi na saba atakuwa mu mustari."

Hatukumwelewa mpaka siku ya nane. Alasiri ile Mama alioga, akajipaka mafuta, akavaa kikwembe changu, kile kitenge cha fwaye, na blauzi niliyoshona mwenyewe, akafunga kitambaa changu kichwani, akanivua kipande cha bati shingoni na kujivika. Kisha akamfunga mtoto wangu mgongoni. Nilicheka mpaka kidonda cha kuzaa kikauma. Nilimwambia Mama kwamba Madamu alikuwa amemwona siku ile ndani ya nyumba.

"Ule hakuniona," Mama alisema. "Aliangalia moshi."

Akaenda. Kapita alikuwa amekwisha kula paja la swala aliyekaushwa, hongo ya Mama, na kwa karatasi yake mgeni alikuwa ameondoka asubuhi. Wanawake wote mstarini walimtambua mara moja. Hakuna aliyefungua mdomo. Madamu alipita na daftari lake, akasoma bati, "kumi na saba," akatia alama, akasonga mbele.

Kwa hiyo nililala. Nililala mwezi wangu wote, kama mtoto wa watu. Mama alinikanda asubuhi, akapika, akaosha nepi, saa tisa akaenda kuruka kwa niaba yangu, akarudi, akachemsha maji mengine. Mwanamke aliyetembea siku nne milimani na mzigo wa ndizi, na ambaye kwao hakuna aliyemwona amekaa bure, alipigiwa filimbi ili misuli yake iamke. Hasira niliyoisikia kitandani ilinichoma kuliko maji ya moto. Mama mwenyewe hakukasirika. Alisema jimnastiki ni ngoma ya watu waliosahau nyimbo.

Jirani yangu wa nyumba ya sita ndiye aliyekuja jioni kutuigizia mambo ya mstarini. Alikuwa Muhunde wa Burungu, mke wa mchunga ng'ombe wa shamba, mwenye mimba ya miezi saba wakati ule. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Alikuwa na kipaji cha kuiga: alivimbisha mashavu, akapuliza filimbi isiyokuwepo, akachuchumaa na tumbo lake lile mpaka tukamwomba aache kabla hajazaa pale pale. Mama alimpenda. Alimpa mchuzi kutoka kwenye chungu changu na kumkanda miguu iliyovimba. Akamwambia kwamba mwezi wake ukifika, na yeye alale hivi hivi, asikubali kuamshwa. Jirani alisema atamtafuta shangazi.

Yule Bwana mkubwa wa serikali alikuja katika wiki ya tatu. Nilisimuliwa siku hiyo hiyo, jirani akicheka na kushika mbavu. Wazazi walipangwa mbele, watoto migongoni. Mama yangu aliruka juu kuliko wote. Alichuchumaa akainuka mara ishirini bila kuhema. Madamu akamshika mkono, akamsogeza mbele ya mgeni, akamwambia kwamba huyu amezaa wiki tatu zilizopita, alimkuta amelala kwenye moshi, akamwamsha siku ya nane, na sasa tazama. Mgeni alitazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mtoto wangu akaanza kulia njaa. Madamu akasema anyonyeshwe. Jirani alisema moyo wake ulisimama, lakini Mama alikaa chini kwa utulivu, akafungua blauzi, akampa mtoto titi lake kavu kama bibi yeyote anavyofanya, na mtoto akanyamaza kwa mshangao. Mgeni akapiga picha.

Tulicheka usiku ule mpaka mume wangu akatuomba tushushe sauti. Tulikuwa tumemshinda Madamu. Hivyo ndivyo tulivyofikiri, sisi watu wenye akili.

Mwezi ulipotimia Mama alinipaka mafuta na unga mwekundu, akanitoa nje mbele ya majirani. Nilikuwa nimenenepa na nang'aa. Siku iliyofuata alinivisha bati langu, akafunga mzigo wake mwepesi, akashika njia ya Ntoto. Mimi nikaingia mstarini mahali pangu, na Madamu akatia alama kama kawaida. Baada ya siku chache tukapewa nyumba ya matofali. Madamu alikuja mwenyewe kutuonyesha dirisha.

Ijumaa moja, kabla ya filimbi, alisimama mbele yetu na karatasi. Alisema kazi yake imesifiwa. Kuanzia leo ni sheria ya kambi: kila anayezaa atakuwa mstarini siku ya nane, na ambaye hatakuja, mume wake ataitwa ofisini. "Namba kumi na saba ameonyesha kama inawezekana," alisema. Wanawake wote walinigeukia. Nilitazama miguu yangu.

Jirani yangu alijifungua wiki ile ile, mtoto wa kiume, uchungu wa siku mbili, damu nyingi. Shangazi hakupatikana. Mume wake alikuwa malishoni na ng'ombe kwa siku nyingi mfululizo. Nilimpelekea chakula na nikamkanda kama nilivyokumbuka, lakini nilikuwa na maua ya kuchuma, na mikono yangu haikuwa ya Mama. Siku ya sita alinishika kifundo cha mkono.

"Dada, mama yako hawezi kurudia?"

"Iko mbali. Siku nne kwenda, siku nne kurudia."

"Basi wewe umwambie Madamu kweli. Umwambie siku ya nane ulikuwa unalala. Ukisema wewe, atasikia. Kama ni mimi, atasema niko muvivu."

Nilimwambia nitaona. Nilirudi nyumbani kwangu, nyumba ya matofali, na nikamweleza mume wangu. Alisema tukifungua mdomo, kapita atafukuzwa, yeye atafukuzwa, na sisi tutarudi Ntoto tukiwa na aibu. Alisema kweli. Nilikuwa na dirisha lenye kioo, la kwanza maishani. Sitaki kuficha kwamba nililitazama dirisha lile.

Siku ya nane jirani alikuja mstarini. Alitembea kwa kuburuta miguu, mtoto mgongoni, midomo myeupe. Madamu alipopuliza filimbi na sote tukainua mikono, yeye hakuinua.

"Madamu, nakuomba. Bado ninasikia maumivu. Ninatoka damu."

"Kila mama anatoka damu," Madamu alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemtia moyo mtoto anayeogopa maji. Kisha akatembea mpaka mbele yangu. "Kumi na saba. Wewe njo mufano yetu. Umwambie mwenzako. Siku ya nane ulijisikia namna gani?"

Ng'ombe walikuwa wakilia ng'ambo. Aliniuliza. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kuuliza kitu, siku ile aliuliza, tena mbele ya watu, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Jirani yangu alinitazama. Hakukuwa na ombi katika macho yake. Alikuwa na uhakika nitasema.

"Muzuri, Madamu," nilisema. "Nilijisikia muzuri."

Jirani akainua mikono.

Alichuchumaa mara tatu. Mara ya nne hakusimama. Damu ilikuwa imeloanisha kikwembe mpaka miguuni, na mimi nilimfungua mtoto mgongoni mwake kabla hajaangukiwa. Walimpakia kwenye lori la maua wakampeleka hospitali, na huko walimtunza vizuri, waliokoa maisha yake. Lakini walimwambia hatazaa tena. Alikuwa hajafika miaka ishirini.

Nilimnyonyesha mtoto wake wiki tano, wangu upande huu, wake upande ule. Madamu alikuja kunishukuru. Alisema yule mwanamke alikuwa na mwili mbovu, kwamba bila shaka hakula vizuri, kwamba si wote wana nguvu kama zangu. Kila neno lilinipanda kichwani. Ningeweza kumrukia. Nilisimama pale na watoto wawili kifuani, nimejaa hasira kama chungu kinachotaka kumwagika, na bado sikusema. Sheria ya siku ya nane iliondolewa kimya kimya. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeomba radhi. Jimnastiki iliendelea Jumanne na Ijumaa.

Jirani aliporudi alikuwa mwembamba, amechoka mpaka sauti. Alimchukua mtoto wake, akanishukuru kwa maziwa, na baada ya siku chache yeye na mumewe wakahamia kwao Burungu. Hakunilaumu. Nilingoja anilaumu, nikapika hata maneno ya kumjibu, na hakunilaumu.

Mwaka uliofuata, msimu wa kiangazi, nilipata ruhusa ya kwenda Ntoto kumwonyesha Mama mtoto aliyekwisha kutembea. Nilimkuta akianika ndizi nyuma ya nyumba. Alimbeba mjukuu, akamnusa, akamcheka miguu minene. Kisha jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa:

"Na ule wa Burungu? Alipata shangazi?"

Nilimweleza. Nilianza na Madamu. Nilimweleza kuhusu sheria, karatasi, filimbi, lori, jinsi Madamu alivyosema mwili mbovu. Nilieleza kwa ukali wote niliokuwa nao, na nilitegemea Mama akasirike pamoja nami, tumtukane yule mwanamke mpaka jua lizame. Mama alisikiliza na mtoto mapajani. Nilipofika mahali pa swali nilipita haraka.

"Ngoja," alisema. "Alikuuliza wewe?"

"Ndiyo."

"Na ukajibu nini?"

Nilimwambia. Mama alimweka mtoto chini taratibu. Alinitazama kwa muda, na sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote.

"Mimi nilikupatia mwezi muzima," alisema. "Wewe ulishindwa kumupatia neno moja?"

Nilianza kusema juu ya nyumba, juu ya mume wangu, juu ya kapita. Hakunisikiliza. Aliingia ndani, akatoka na kitunga chake cha safari. Aliweka ndani nyama iliyokaushwa, kibuyu cha mawese, majani makavu aliyoyafunga kwenye kitambaa. Nilimwuliza anakwenda wapi. Alisema Burungu. Nilimwambia umepita mwaka, hakuna cha kukanda tena, na njia ni ndefu. Alisema mwili uliokosa kupumzika haujui kalenda, na kwamba yule hana mama.

"Basi ningoje," nilisema. "Twende wote. Au nibebe mzigo. Mimi je, nifanye nini?"

Alipitisha mkanda kwenye kipaji cha uso, akainuka na mzigo kwa mara moja tu, bila kushika kitu.

"Wewe ubakie hapa," alisema. "Wewe ulishapumuzika."